Somo lisikatike langoni

Machi 2020, korona ilipofunga nchi, korti zetu zilianza kusikiza kesi kwa video. Kompyuta moja ikawekwa kwa hakimu, nyingine gerezani, na mshtakiwa akasomewa mashtaka bila kupanda lori. Korona ilipita lakini mtindo huo haukupita. Bado kuna kesi zinazotajwa hivyo, mshtakiwa akiwa mbele ya kamera huko huko rumande.

Mimi naandika programu, ndiyo kazi inayonilisha, na tangu wakati huo kuna swali moja ambalo haliniondoki. Ikiwa mtandao umeweza kupenya ukuta wa rumande kumwambia kijana wa miaka 14 kwamba kesi yake itatajwa tena baada ya wiki mbili, mbona usimpelekee somo la hesabu katika wiki hizo mbili?

Hilo ndilo nataka tulijadili leo. Na nitasema mapema ninakoelekea, usije ukadhani nauza tabuleti. Kifaa si tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni kwamba masomo ya mtoto hukatika mara mbili: siku anapoingia langoni na siku anapotoka. Teknolojia ikishindwa kuunga sehemu hizo mbili, basi tutakuwa tumenunua mapambo tu.

Ni akina nani hawa?

Kenya ina vituo vya aina kadhaa. Kuna makao ya rumande ya watoto, ambako mtoto hungoja kesi yake. Kuna shule za kurekebisha tabia kama Kabete, Wamumu na Kirigiti, zilizo chini ya idara ya huduma za watoto. Kuna Borstal, ambazo ziko chini ya Idara ya Magereza: Shimo la Tewa kule Pwani, Shikusa kule Kakamega, na Kamae ya wasichana. Hukumu ya Borstal ni miaka 3. Halafu Kamiti kuna kituo cha kurekebisha vijana ambako hukumu ni miezi 4, yaani muhula mmoja na ushee.

Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa mtoto kuweza kushtakiwa kwa kosa la jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Kwa hivyo hasa tunazungumza kuhusu watoto wa miaka 12 hadi 17. Piga hesabu uone: huo ni umri wa gredi ya 6 mpaka mwisho wa sekondari. Wote ni watu wa kuwa darasani.

Sisemi kwamba huko ndani hakuna masomo. Yapo, na kuna walimu wanaojitahidi, na msimu wa mitihani ukifika habari hutuonyesha wafungwa wakifanya mitihani ya kitaifa. Lakini hebu fikiria kazi ya mwalimu katika makao ya rumande. Watoto wake hawaanzi muhula siku moja. Leo analetwa wa gredi ya 7 kutoka mji wa mbali, kesho wa sekondari kutoka mtaa wa jirani, keshokutwa mwingine aliyeacha shule gredi ya 4. Wiki ijayo baadhi yao wameachiliwa au wamehamishwa. Mwalimu huyu hajui mwenzake wa awali alifika wapi, na atakayempokea mtoto baadaye hatajua yeye alifundisha nini. Hata angekuwa mwalimu bora nchini, anajaza maji kwenye pakacha.

Tena mtaala mpya umeongeza gharama ya kukatika huku. Zamani ungeweza kupotea mwaka mzima, ukarudi ukafanya KCPE, na alama zako zikawa ni za siku zile za mtihani tu. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Sasa kuna KJSEA ya gredi ya 9, iliyofanywa mara ya kwanza 2025, na matokeo yake hujumlishwa hivi: asilimia 60 ni mtihani wenyewe, asilimia 20 ni tathmini za shuleni za gredi ya 7 na 8, na asilimia 20 iliyobaki ni mtihani wa gredi ya 6. Sasa chukua mtoto aliyekuwa rumande wakati wenzake wa gredi ya 7 wanafanya tathmini zao. Kesi inaweza kutupwa, aende nyumbani bila hatia yoyote, na bado pengo likabaki kwenye alama zake.

Elimu ya mbali si Zoom peke yake

Watu wengi wakisikia elimu ya mbali huona picha ya mwalimu kwenye skrini akiuliza "mnanisikia?" Lakini elimu ya mbali ni ya zamani hapa kwetu. Mwaka 1967 kilianzishwa Nairobi, chini ya chuo kikuu, kitengo cha masomo ya posta kilichowainua walimu kwa vitabu vilivyotumwa na vipindi vya redio. Mwalimu wa kijijini alisoma usiku kwa taa ya mafuta, akaandika majibu, akayatuma, yakarudi yamesahihishwa. Hakukuwa na kompyuta hata moja nyumbani kwake.

Hata gerezani kwenyewe si jambo geni. Peter Ouko alipata diploma ya sheria ya Chuo Kikuu cha London akiwa mfungwa Kamiti, aliyekuwa amehukumiwa kifo. Jirani zetu Uganda wana Susan Kigula, aliyesoma sheria ya chuo hicho hicho akiwa Luzira, naye pia alikuwa amehukumiwa kifo. Wote wawili waliachiliwa 2016. Hawa ni watu wazima waliojifunza sheria ya chuo kikuu kutoka ndani ya kuta nene kuliko zote. Mtoto wa kujifunza sehemu na desimali anashindikana vipi?

Haya, tuje kwenye hesabu za mtandao, maana hapa ndipo miradi mingi huzama. Somo la video la dakika 40 kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 300. Watoto 30, kila mmoja kwenye kifaa chake, ni gigabaiti 9 kwa somo moja. Siku moja ina masomo kadhaa. Huo ni mzigo ambao ofisi nyingi za serikali haziwezi kuubeba, sembuse makao ya rumande ya kaunti.

Sasa weka seva ndogo ndani ya kituo. Somo lile lile linashushwa mara moja tu, megabaiti 300, usiku wakati mtandao hauna kazi. Watoto 30 wanalitazama kutoka kwenye seva kupitia waifai ya ndani isiyotoka nje ya ukuta. Mtandao wa nje ukikatika wiki nzima, darasa halijui.

Programu za kufanya hivi zipo na ni za bure. Mimi napenda Kolibri, ambayo ni programu huria: unaiweka kwenye kompyuta yoyote, hata Raspberry Pi inayokula umeme chini ya wati 10 (balbu moja nzuri inakula hivyo), unapakia masomo, na kila mwanafunzi anapata akaunti yake. Mwalimu anaona nani amekwama wapi. Seva mbili zikikutana zinabadilishana data, hata kama hukutana mara moja kwa wiki. Ina lugha ya Kiswahili pia. Ongeza Kiwix, inayobeba Wikipedia nzima bila mtandao, ikiwemo ile ya Kiswahili yenye makala zaidi ya 80,000, na umempa mtoto maktaba ambayo shule nyingi za mjini hazina.

Ila tusidanganyane kuhusu vifaa. Kuanzia 2016 serikali iligawa tabuleti zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi, na shule zikapewa na seva zake. Tunajua yaliyofuata katika shule nyingi: vifaa vikafungiwa stoo vikakaa, kwa hofu ya wizi, kwa kukosa umeme, au kwa sababu hakuna aliyeambiwa ni kazi yake kuvitunza. Kwa hivyo kabla ya kununua kifaa cha kwanza, kuwe na mtu mmoja kituoni ambaye kazi yake imeandikwa: ndiye mwenye ufunguo na ndiye wa kuulizwa. Na pembeni ya kila skrini awepo mwalimu wa nyama na damu. Mtoto aliyetolewa nyumbani hasomi kwa sababu video ni nzuri. Anasoma akijua kuna mtu atakayeuliza kesho kwa nini swali la 5 hakulifanya.

Faili ndogo yenye kazi kubwa

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini, na ambalo sisi waandika programu tunaweza kulifanya bila kungoja bajeti ya mtu. Mtoto akitoka, anatoka na nini?

Ninachopendekeza ni rekodi ya masomo inayotembea na mtoto. Iwe na vitu vichache: namba yake ya tathmini ya KNEC, gredi yake, mada alizomaliza, alama za kazi alizofanya, na saini ya kidijitali ya kuthibitisha kwamba haikuchezewa. Msimbo mmoja wa QR hubeba hadi baiti 2,953. Saini ya kisasa huchukua baiti 64. Ukitumia vifupisho vya mada, muhula mzima unaingia kwenye msimbo mmoja uliochapishwa kwenye karatasi ya kawaida. Mama anakunja karatasi, anaiweka kwenye mkoba, na Jumatatu mwalimu mkuu wa shule mpya anaipiga picha kwa simu na kujua mtoto huyu ameshafika kwenye aljebra. Haihitaji mtandao, wala barua ya afisa yeyote.

Na muhimu kuliko kilichomo ni kisichotakiwa kuwemo: jina la kituo, namba ya kesi, kosa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru zinasema wazi kwamba cheti anachopata mtoto akiwa kizuizini kisionyeshe kwa njia yoyote kwamba aliwahi kufungwa. "Kwa njia yoyote" ni maneno mazito kwa mtu wa kompyuta, kwa sababu sisi tunajua data huvuja kwa njia nyingi. Huandiki "Borstal" popote, lakini namba ya mtahiniwa ya KNEC huanza na namba ya kituo cha mtihani. Anayeijua namba hiyo anajua ulikalia mtihani wapi. Huandiki "rumande", lakini saini ya kidijitali inasomeka kuwa ni ya Idara ya Magereza. Basi umeandika.

Dawa ipo. Kila kituo kiunganishwe na shule ya umma iliyo jirani. Mtoto aandikishwe huko kama mwanafunzi wa kawaida anayesoma kwa mbali, mwalimu wa shule hiyo ndiye atume kazi na kusahihisha, na saini kwenye rekodi iwe ya shule hiyo. Kanuni hizo hizo za 1990 zinasema kwamba, panapowezekana, mtoto asomee nje katika shule za jamii. Pale ambapo mwili wake hauruhusiwi kutoka, angalau jina lake litoke.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inadai data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa njia inayolinda maslahi yake. Kwa hivyo rekodi ninayoizungumzia ni mali ya mtoto. Afisa asiitumie kuamua nani ni mtiifu, wala mwendesha mashtaka asiiombe.

"Lakini usalama je?"

Swali hili haliepukiki, na ni la haki. Mkuu wa kituo akisikia waifai anafikiria kijana akimtumia ujumbe shahidi wa kesi yake. Kwa seva ya ndani, jibu ni rahisi: mtandao wa darasa hauna mlango wa kutokea. Masomo mapya yaingie na kazi zitoke kupitia kompyuta ya ofisi, kwa mkono wa afisa, kwa ratiba. Zile siku ambazo ni lazima mwalimu aonekane kwa video, chumba kipo tayari. Ni kile kile cha kesi za video, siku ambazo korti haiketi.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni nyingine, nayo ni pesa. Marekani wametangulia katika jambo hili, na ni vizuri tujifunze kwao bila kulipa karo. Mwaka 2018 maafisa wa magereza ya Idaho walisema wafungwa 364 walitumia dosari katika mfumo wa tabuleti zao na kujiongezea salio la karibu dola 225,000. Wengi walicheka, wakasema ndiyo maana wafungwa hawafai kupewa vifaa. Mimi nauliza, salio lilikuwa linafanya nini humo? Lilikuwamo kwa sababu tabuleti zile zilikuwa duka: muziki na michezo ni vya kununua. Mwaka uliofuata, 2019, ilibainika kwamba huko West Virginia wafungwa waliopewa tabuleti "za bure" walitozwa kwa dakika wanaposoma vitabu, vikiwemo vile ambavyo mtu wa nje anavisoma bila malipo kwenye Project Gutenberg. Anayesoma polepole ndiye anayelipa zaidi! Hebu fikiria maana ya hilo kwa mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma vizuri.

Kwa hivyo kampuni yoyote ikija kwetu na zawadi ya tabuleti za watoto walio kizuizini, swali la kwanza liwe hili: je, kuna salio ndani? Likiwepo, warudishe mizigo yao. Kifaa kisicho na pesa hakina cha kuibiwa, na hakina cha kumnyonya mzazi aliye nyumbani.

"Na watoto wetu wa nje?"

Hili ndilo pingamizi gumu, na nalisikia kila nikitaja mada hii. Kuna watoto ambao hawajafanya kosa lolote, wanasomea chini ya mti, hawajawahi kugusa kompyuta. Iweje aliyeiba simu apewe?

Sitalipuuza, kwa sababu uchungu wake ni wa kweli. Lakini naona tofauti moja. Mtoto wa chini ya mti ananyimwa na umaskini, na serikali inalaumiwa kwa kutofika haraka. Mtoto wa rumande ametolewa darasani na serikali yenyewe, kwa gari la serikali, na serikali ndiyo yenye ufunguo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hakikuandika "isipokuwa". Tena wengi walio rumande bado hawajapatikana na hatia yoyote. Na karibu wote watatoka, warudi mitaani kwetu, wakiwa na miaka 15 au 18. Mimi ningependa jirani yangu arudi akijua kitu.

Kifungu hicho hicho cha 53 kinasema mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho, na kwa muda mfupi iwezekanavyo. Nataka hili lisisitizwe, kwa sababu naiona hatari yake. Siku vituo vitakapokuwa na darasa zuri la kompyuta, atatokea mtu wa kusema, "Mwache akae tu, si anasoma?" Hapana. Darasa la mbali ni kwa siku ambazo haikuwezekana kumwachilia. Lisigeuke sababu ya kuziongeza.

Tuanze wapi?

Tusianze na vituo vyote. Tuanze na makao mamoja ya rumande na shule moja ya jirani, kwa muhula mmoja. Seva moja, vifaa 15 vya kutumiwa kwa zamu, mwalimu mmoja kila upande, afisa mmoja mwenye ufunguo. Mwisho wa muhula tusihesabu tabuleti zilizogawiwa. Tuhesabu kitu kimoja: kati ya watoto waliotoka, ni wangapi walipokelewa na shule mpya na kuendelea pale walipoachia, bila kurudishwa gredi ya nyuma? Namba hiyo ikiwa ndogo, mradi umeshindwa, hata kama picha za uzinduzi zilipendeza.

Upande wa programu, kazi iliyobaki si kubwa: muundo wa ile rekodi, kichapishi cha QR, na kisomaji kinachofanya kazi kwenye simu ya bei nafuu bila mtandao. Watu watatu wanaojua Python wanaweza kuimaliza kwa wikendi chache. Mimi ni mmoja. Natafuta wawili, na mwalimu mmoja wa gredi ya 7 wa kutukosoa.